Dishonored: sura za Daud zina thamani ya pesa kwa anayecheza kwa kunyata tu?

Mwanga_Juu (Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Swali langu ni la pesa. Dishonored ile ya 2012 ninayo kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, gemu tupu bila nyongeza. Nyongeza za kuchezwa naona ni tatu: Dunwall City Trials, The Knife of Dunwall na The Brigmore Witches (hizi mbili za mwisho ndizo sura za Daud). Uchezaji wangu ni wa kunyata moja kwa moja: sionekani, siui, king'ora hakilii. Je, hizi nyongeza zinamfaa mtu wa aina hiyo, au zilitengenezwa kwa wapenda mapanga?

Laptopu ni i5 ya kizazi cha tatu, picha zinategemea Intel HD 4000, RAM GB 4 kijiti kimoja, kwenye diski imebaki GB 22. Intaneti ni bando la simu, kwa hiyo nikipakua kisichofaa nimeumia mara mbili. Naomba msinifunulie mwisho wa hadithi.

---

Kivuli_cha_Mwembe (Tabora)

Marhaba. Tuanze na kuitoa Trials mezani. Ilitoka Desemba 2012 kwa dola 4.99: ramani 10 za kusaka alama, hadithi hamna. Nyingi ni za kupigana na mawimbi ya maadui au kukimbizana na saa. Kwa mnyataji zipo mbili tu za maana: Burglar, ambayo unaingia nyumba ya watu kuiba bila kuonekana, na Mystery Foe, ambayo unaokota vidokezo ndani ya karamu mpaka umtambue unayemtafuta. Mbili kati ya kumi. Usiinunue peke yake.

The Knife of Dunwall (Aprili 2013) na The Brigmore Witches (Agosti 2013) ni habari nyingine kabisa. Kila moja ilitoka kwa dola 9.99 na kila moja ina misheni tatu, lakini ukweli ni kwamba ni hadithi moja iliyokatwa katikati. Anayenunua ile ya kwanza peke yake amenunua suruali ya mguu mmoja. Unamchezea Daud, yule yule aliyemuua Empress mwanzoni mwa gemu uliyokwisha kuimaliza. Na anaongea, tofauti na Corvo, yule unayemchezea kwenye gemu ya mwanzo, aliye bubu. Sauti ni ya Michael Madsen.

Sasa kunyata. Kitu kinachobadilisha kila kitu ni Blink ya Daud, ile nguvu ya kuhama papo hapo mpaka pale unapolenga. Kwa Corvo, wakati unalenga pa kurukia saa inaendelea kutembea, na mlinzi anageuka ukiwa bado unatafuta ukingo. Kwa Daud, ukishikilia Blink bila kugusa kitufe chochote cha kutembea, dunia yote inaganda mpaka uachie. Hata hewani. Unaruka, unatoa kidole kwenye W, unashikilia Blink, unachagua pa kutua kwa utulivu kama mtu anayechagua nyanya sokoni, kisha unaachia. Kosa linalowaangusha wengi ni kidole kubaki kwenye W: mchezo unahesabu kwamba unatembea, saa haisimami, unadondokea katikati ya walinzi watatu halafu unalaumu gemu. Fanya zoezi la dakika kumi kwenye paa la kwanza utakaloliona kabla hujaingia popote.

Unachopoteza ni Possession. Daud hana. Kama ulizoea kuingia ndani ya panya na kupita kwenye matundu ya ukutani, hizo njia zimefungwa. Utarudi kwenye mabomba, mapaa na madirisha, na ramani zimechorwa kwa kuzingatia hilo, zina kimo kirefu kuliko nyingi za Corvo. Void Gaze inafanya kazi ya Dark Vision (kuona watu kupitia kuta) pamoja na ile ya moyo wa Corvo ya kutafuta runi (za kununulia nguvu) na hirizi za mifupa, kwa hiyo hubadilishi vifaa mkononi kila dakika. Ila moyo wenyewe, ule unaonong'ona siri za watu, haupo. Binafsi naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko hata Possession, maana mlinzi aliyetajwa siri yake unamwonea haya kumkaba.

Vifaa: upinde wa mkononi unaotumia mishale ya usingizi kama kawaida, chokedust, vumbi linalowafanya wakohoe na kupoteza mwelekeo, zuri unapobanwa kwenye korido, na stun mine, mtego unaozimisha bila kuua. Angalia sana usiuchanganye na arc mine. Kwenye orodha vinakaa karibu, na arc mine inaua.

Kabla ya kila misheni kuna ukurasa wa manunuzi, na humo kuna kitu kinaitwa favors: unalipa sarafu, mtu anakutengenezea njia ndani ya ramani. Wapigaji wanamalizia hela kwenye risasi na mabomu. Wewe hela yako iende kwenye mishale ya usingizi na favors. Runi: Blink daraja la pili kwanza, halafu Void Gaze. Summon Assassin usiiguse kabisa. Unamwita kijana wa Daud, anakuja na upanga, na hakuulizi kama umeapa kutoua.

---

FundiKasulu

Kaka, kabla hujaongelea Daud ongelea hiyo mashine. Mahitaji yaliyotajwa ya gemu ni RAM GB 3, prosesa ya koa mbili, kadi ya picha yenye kumbukumbu ya MB 512 na nafasi GB 9 kwenye diski. HD 4000 haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye hiyo hiyo GB 4 yako, na Windows nayo inataka yake. Ndiyo maana gemu inatembea vizuri dakika ishirini kisha inaanza kugugumia unapoingia eneo jipya: RAM imejaa, inaandika kwenye diski.

Dawa ya kwanza ni kijiti cha pili cha GB 4. Siyo kwa ajili ya ujazo peke yake. Kijiti kimoja kinapita njia moja, viwili vinapita njia mbili kwa pamoja, na picha za Intel zinaishi kwa kasi ya RAM kuliko kitu kingine. Tofauti inaonekana kwa macho. Kwa fundi uliza DDR3 ya laptopu, kibandiko kiwe kimeandikwa PC3-12800S au PC3L-12800S. Akikupa DDR4 usihangaike kuisukuma, mwanya wake uko mahali pengine, haiingii. Fungua mfuniko wa chini kwanza uhakikishe kuna tundu la pili tupu. Baadhi ya laptopu nyembamba zina moja tu.

Dawa ya pili ni mipangilio. Picha 1280×720, siyo 1366×768. Kulainisha kingo zima kabisa, aina inayoitwa MLAA ndiyo inayokula zaidi. Kuna mstari unaitwa Rat Shadows, vivuli vya panya. Zima, hakuna mtu aliyewahi kushindwa misheni kwa kukosa kivuli cha panya. Upana wa kuona una kipimo mpaka 85. Kwa kunyata unataka uone pembeni, lakini kila unapoupandisha mashine inachora vitu vingi zaidi, kwa hiyo anza na 75. Cheza umechomeka chaja. Laptopu ikiwa kwenye betri inajipunguzia kasi yenyewe, na umeme ukiwa mdogo usiku chaja zingine zinakata na kurudi, ndiyo ile unaona fremu zinapanda zinashuka bila sababu.

Kuhusu bando: gawanya kasi yako kwa 8. Mtandao wa megabiti 4 kwa sekunde unakupa nusu megabaiti, yaani GB moja kwa dakika 33 hivi. GB 10 ni saa tano na nusu, usiku mzima wa bando. Umeme ukikatika usiogope, Steam inaendelea ilipoishia. Ila ingia kwenye mipangilio ya kupakua uzuie gemu zingine zisijisasishe, vinginevyo utaamka bando limeliwa na kitu ambacho hukukiomba.

Na kama kuna mtu hapo Mwanga au Ujiji mwenye gemu hiyo hiyo na nyongeza zake kwenye Steam, huna haja ya kupakua yote. Nunua kwa akaunti yako, nakili folda yake ya Dishonored iliyo ndani ya steamapps/common, iweke mahali pale pale kwako, kisha bonyeza kusakinisha. Steam itakagua faili zilizopo na kupakua kinachopungua tu.

---

Sitaki_Kelele (Tabora)

Nitapinga kidogo, maana mnamsifia Daud mpaka mtu atadhani ni misheni sita mpya tupu. Siyo. Misheni ya tatu ya Knife inarudi Flooded District, na ya kwanza ya Brigmore inarudi gereza la Coldridge. Kote huko Mwanga_Juu ameshapita na Corvo. Njia zimebadilishwa, walinzi wamebadilishwa, lakini ukuta ni ule ule.

Halafu misheni ya kwanza ya Knife, machinjio ya nyangumi ya Rothwild, ni ngumu kwa mnyataji kwa sababu mbaya. Wachinjaji wana misumeno mikubwa, wanasimama kwenye sehemu za wazi, na mgongoni wamebeba tangi la mafuta ya nyangumi. Tangi likipigwa linalipuka, amekufa, na rekodi yako safi imekwenda naye. Huko kaa juu. Mihimili na minyororo ya dari inakufikisha karibu kila mahali, na chini ushuke tu ukiwa umeshahesabu mzunguko wa kila mmoja.

Huko Flooded District shida ni Overseers, askari wa dini wanaopinga uchawi, wenye masanduku ya muziki. Muziki ukipigwa, Blink yako haipo, Void Gaze haipo, umebaki na miguu. Wanazungusha sanduku wakishakushuku, kwa hiyo yule mwenye sanduku ndiye wa kwanza kukabwa, kutokea nyuma, wakati kila kitu bado kimetulia. Anayeanza na wengine akamwacha wa sanduku mwishoni anajitafutia.

Hayo yote nikiyasema, misheni ya pili ya Knife, mtaa wa wanasheria, ni kati ya ramani bora za gemu nzima. Mtaa mmoja, nyumba za pande mbili, ndani ya kila dirisha kuna kitu cha kusoma au kuiba, na njia ya kummaliza mlengwa bila kumwaga damu inahitaji usome karatasi, siyo kufuata alama ya njano. Zima alama za malengo kwenye mipangilio kabla ya kuingia hapo. Utanishukuru.

Kwa hiyo ndiyo, nunua. Ila kwa bei ya punguzo, siyo kwa bei kamili.

---

Binti_Ujiji

Nami naongeza hapo kwenye Coldridge. Favor ya kununua ni ile ya sare ya Overseer. Ukiwa nayo unaingia gerezani kwa mlango, unapishana na walinzi kwa macho makavu, mradi usifanye jambo ambalo Overseer halifanyi: kupanda bomba, kurukaruka, kushika silaha, kuingia kusiko kwako. Ni utaratibu ambao gemu ya Corvo haina kwa kiasi hiki, na unamfaa kabisa asiyetaka kumgusa mtu. Nani kasema kunyata lazima uwe kwenye kivuli.

Brigmore inaongeza nguvu ya Pull. Daraja la kwanza inavuta vitu, la pili inavuta watu. Kuna pia hirizi zilizoharibika, zinazokupa faida kwa mkono mmoja na kukutoza kwa mwingine. Soma maandishi yote mawili kabla ya kuvaa. Wengi wanasoma nusu ya juu tu.

---

Mwanga_Juu (Kigoma)

Asanteni sana, kwa kweli mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Moja, nikimaliza Knife, Daud wangu anahamia Brigmore na vitu vyake au naanza upya? Pili, kwa Corvo ilinitokea misheni inaisha ukurasa unaandika nimeua mmoja, na sikuua. Kwa Daud iko hivyo hivyo?

---

Kivuli_cha_Mwembe (Tabora)

Anahama, kwa masharti. Lazima umalize misheni ya tatu ya Knife mpaka majina ya watengenezaji yaanze kupita kwenye kioo. Ukizima kabla, hesabu haijafungwa. Ukianzisha Brigmore kwenye akaunti hiyo hiyo itakuuliza kama unataka kuendeleza. Ukikubali unaingia na nguvu zako, vifaa na kiwango chako cha chaos, yaani vurugu na mauaji uliyoyaacha nyuma. Ukikataa kwa bahati mbaya unapewa Daud wa kawaida. Usifute chochote kati ya sura hizi mbili.

La maiti ya siri lina majibu machache, na ni yale yale kwa wote wawili. Aliyezimia akilazwa kwenye maji anazama. Aliyezimia akiachwa panya walipo analiwa. Aliyezimia akidondoka kutoka juu anakufa, na hii inatokea sana ukimpiga mshale wa usingizi mtu aliyesimama ukingoni mwa ngazi au kibaraza: analegea, anapinduka, kwisha. Yote hayo unaandikiwa wewe.

Ubaya ni kwamba ukurasa wa hesabu unaonekana mwisho wa misheni tu. Katikati huambiwi kitu. Kwa hiyo usitegemee F5, sevu ya haraka, peke yake, kwa sababu kila ukiibonyeza inafuta ile ya nyuma. Sevu kwa mkono, nafasi mpya, kila unapomaliza jengo moja. Mwisho ukionyesha mmoja amekufa unarudi nyuma jengo kwa jengo badala ya misheni nzima. Miili iweke mahali pa juu, pakavu: juu ya kabati, kwenye kibaraza, ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa. Jalala la taka ni zuri pia.

Mshale wa usingizi kwa mlinzi asiyekuona unamlaza papo hapo. Kwa aliyekwisha kukuona unachukua sekunde kadhaa, na sekunde hizo anazitumia kupiga kelele. Ndiyo hapo watu wanasema mshale haufanyi kazi.

---

FundiKasulu

Sasa pesa. Usibonyeze nyongeza moja moja kabla ya kuangalia kifurushi kinachoitwa Definitive Edition. Kina gemu ya mwanzo, sura zote mbili za Daud, Trials, na Void Walker's Arsenal ambayo ni hirizi na sarafu za ziada mwanzoni mwa gemu (kwako haina maana, inalegeza tu ugumu wa mwanzo). Bei yake ya kawaida ni dola 19.99, na kwenye punguzo kubwa za Steam, za mwishoni mwa Juni na za Desemba, hushuka sana, mara nyingi chini ya bei ya sura mbili zikinunuliwa kando. Kuwa na gemu ya mwanzo hakukuzuii kununua kifurushi. Utapewa usichonacho, ila ile nakala ya pili ya gemu ya mwanzo haigeuki zawadi ya kumpa mwenzako, inapotea tu.

Kipo pia GOG, duka jingine la gemu mtandaoni. Kule unapakua faili za kusakinisha zenyewe na kuzihifadhi, husakinishi kupitia programu yao kama hutaki. Maana yake unaweza kuzipakua palipo na intaneti nzuri, ukazibeba kwenye flashi, hata zikapanda basi. Ila sevu zako za Steam huko usizitegemee.

Malipo ni kwa kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kwenye akaunti ya pesa ya simu. Weka zaidi kidogo ya bei, kwa sababu bei ni ya dola na kiwango cha kubadilishia ni cha mwenye kadi, siyo kile ulichokiona kwenye taarifa ya habari. Muamala ukikataliwa, mara nyingi ni salio kupungukiwa kwa shilingi mia chache au kadi kufungiwa malipo ya nje.

Ukishalipa Steam na mashine ikakataa, una siku 14 za kuomba kurejeshewa, mradi hujacheza zaidi ya saa mbili tangu ununue. Saa zinahesabiwa gemu ikiwa wazi, hata ukiiacha kwenye ukurasa wa mwanzo ukaenda kununua Luku. GOG wanatoa siku 30.

---

Sitaki_Kelele (Tabora)

Usichanganye na Death of the Outsider ya 2017. Watu wanaiona kwenye punguzo wanadhani ni nyongeza ya hii. Ni gemu inayojitegemea, inatokea baada ya Dishonored 2, na kwa HD 4000 hata usijaribu: Dishonored 2 yenyewe inataka RAM GB 8, kadi ya daraja la GTX 660 na GB 60 za diski, na hiyo nyingine imejengwa juu ya injini ile ile.

---

Mwanga_Juu (Kigoma)

Nimeelewa. Nasubiri punguzo, na wakati huo natafuta kijiti cha RAM. Nimefungua mfuniko, tundu la pili lipo na ni tupu. Kilichopo kimeandikwa PC3L-12800S.

---

FundiKasulu

Tafuta hicho hicho, GB 4. Toa betri kabla ya kukiingiza, kiingie kwa kuinama kisha kibonyeze mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ukiwasha kioo kikabaki cheusi, kitoe, futa meno yake kwa kitambaa kikavu, rudisha. Mara nyingi ni hilo tu.